Paul Klee: Mpiga Fidla Aliyeuhamishia Muziki Kwenye Rangi

Miongoni mwa wachoraji waliobadili sura ya sanaa barani Ulaya katika karne ya 20, Paul Klee ana nafasi ya pekee, kwa kuwa aliingia katika uchoraji akiwa tayari mwanamuziki aliyeiva. Alizaliwa tarehe 18 Desemba, 1879 katika kijiji cha Münchenbuchsee, karibu na mji wa Bern nchini Uswisi. Baba yake, Hans Klee, alikuwa Mjerumani aliyefundisha muziki katika chuo cha ualimu cha Hofwil. Mama yake, Ida Frick, alikuwa Mswisi aliyesomea uimbaji. Mtoto alifuata uraia wa baba, hivyo Klee alihesabiwa kuwa Mjerumani ingawa alizaliwa na kulelewa katika ardhi ya Uswisi. Jambo hilo halikumsumbua kwa miaka mingi, lakini lilikuja kumgharimu mwishoni mwa maisha yake.

Alianza kufundishwa fidla akiwa na umri wa miaka 7, na alipofikia miaka 11 alikwisha kualikwa kupiga pamoja na okestra ya Bern. Bibi yake mzaa mama ndiye aliyempa chaki za rangi na kumwonyesha namna ya kuchora, ila nyumbani jambo hilo lilichukuliwa kuwa mchezo wa mtoto. Matarajio ya wazazi yalikuwa kwenye muziki. Uchoraji ulibaki pembezoni, tena pembezoni kwa maana halisi, kwani madaftari yake ya shule yalijaa michoro kandokando ya masomo.

Mwaka 1898, alipohitimu masomo ya sekondari, aliamua kwenda Munich, Ujerumani, kusomea uchoraji. Kwa kawaida kijana huiacha fani iliyomshinda. Yeye aliiacha ile aliyokwisha kuimudu. Sababu yake ilikuwa ya mtu aliyeupima muziki kwa undani. Aliwapenda Bach na Mozart kuliko watunzi wote, na aliamini kwamba muziki ulikwisha kufika kileleni katika karne ya 18, hata waliokuja baadaye hawakuwa na kilele kingine cha kupanda. Katika uchoraji aliona bado kuna njia ambazo hazijapitwa.

Huko Munich alisoma kwanza katika shule ya binafsi ya Heinrich Knirr, kisha mwaka 1900 kwa Franz von Stuck, aliyekuwa mwalimu mwenye sifa kubwa. Mstari ulimtii mapema. Rangi ilimpiga chenga kwa miaka zaidi ya kumi. Kati ya mwaka 1902 na 1906 alirejea kuishi kwa wazazi wake mjini Bern, ambako alijipatia kipato kwa kupiga fidla katika okestra na kuandika tahakiki za maonesho ya muziki. Yaani ile fani aliyoiacha ndiyo iliyoendelea kumlisha.

Muziki ndio uliomkutanisha pia na mkewe, Lily Stumpf, binti wa daktari wa Munich na mpiga piano, ambaye walifahamiana wakipiga muziki pamoja. Walifunga ndoa mwaka 1906 na kuhamia Munich, na mwaka uliofuata wakajaliwa mtoto wao wa pekee, Felix. Mpangilio wa nyumba yao haukuwa wa kawaida katika Ujerumani ya wakati ule. Lily alitoka kufundisha piano ili kupata fedha za matumizi, na mumewe alibaki nyumbani akipika, akimlea mtoto na kuchora jikoni. Wasimulizi wengi wa historia ya Klee hupita hapa haraka. Ukweli ni kwamba kwa zaidi ya miaka kumi, muda wa mchoraji huyo ulilipiwa na masomo ya piano ya mkewe.

Mwaka 1911 Klee alianza kuandika daftari la kazi zake zote, kila moja ikiwa na mwaka, namba na jina, na akaliendeleza kwa uaminifu wa karani hadi mwisho. Mwaka huohuo alifahamiana na Wassily Kandinsky, Franz Marc na August Macke, wachoraji wa kundi la Der Blaue Reiter lililokuwa na makao Munich. Mwaka 1912 alimtembelea Robert Delaunay mjini Paris na kutafsiri kwa Kijerumani makala yake kuhusu nuru. Pamoja na hayo yote, kazi zake zilizo nyingi zilikuwa bado za wino na penseli.

Mabadiliko yalikuja barani Afrika. Mwezi Aprili, 1914 Klee, Macke na mchoraji Mswisi Louis Moilliet walivuka bahari kutoka Marseille hadi Tunisia. Walipita Tunis, Hammamet na mji wa kale wa Kairouan, wenye msikiti maarufu na kuta zinazobadilika rangi kadiri jua linavyosogea. Safari haikuzidi wiki mbili. Akiwa Kairouan aliandika katika shajara yake kwamba hatimaye rangi imemshika, na kwamba sasa yeye ni mchoraji. Picha za rangi za maji alizozileta kutoka huko zimegawanywa katika miraba na pembetatu zinazopokezana joto na baridi, na ndani yake nyumba na makuba hutambulika kwa shida.

Miezi michache baadaye vita vikalipuka. Macke aliuawa nchini Ufaransa mwezi Septemba, 1914, na Marc akauawa karibu na Verdun mwezi Machi, 1916. Siku chache baada ya kifo cha Marc, Klee aliitwa jeshini. Hakupelekwa mstari wa mbele. Alipangiwa kupaka rangi ndege za kivita, na baadaye kazi za ukarani katika shule ya urubani ya Gersthofen. Vipande vya kitambaa cha mabawa ya ndege zilizoharibika alivitumia kuchorea.

Kipindi chake chenye mavuno makubwa kilianza mwaka 1921, alipojiunga na chuo cha sanaa na usanifu cha Bauhaus mjini Weimar, ambacho baadaye kilihamia Dessau. Hapo ndipo alipolazimika kueleza darasani kile alichokuwa akikifanya kwa hisia, na ameacha maelfu ya kurasa za maandalio ya masomo. Katika somo moja alichukua sehemu ya utungo wa Bach na kuichora: mstari ulipanda na kushuka kwa kufuata sauti, na unene wake ukaonyesha nguvu ya sauti hiyo.

Mtu akisikia kwamba mchoraji fulani alivutiwa na muziki, hutarajia kuona picha za magitaa na waimbaji. Klee alichota mahali pengine: katika namna muziki unavyojengwa. Bach alitumia sana mtindo uitwao fuga, ambapo sauti moja hutangulia na wazo, ya pili hulipokea, ya tatu hufuata, kisha zote huendelea pamoja bila hata moja kuifunika nyingine. Anayefahamu kwaya ya sauti nne hatapata taabu kulielewa jambo hilo. Katika picha ya mwaka 1921 iliyopewa jina la fuga ya rangi nyekundu, maumbo ya chombo, jani, duara na mraba yanajirudia juu ya giza, kila moja likififia au kung'aa hatua kwa hatua, kama sauti inayoingia na kuacha mwangwi wake. Picha ya mwaka 1925 iitwayo Alter Klang, yaani sauti ya kale, ni miraba mitupu. Ya pembeni ina giza, na ya katikati inawaka taratibu. Klee aliamini kwamba katika jambo hili uchoraji unauzidi muziki, kwa sababu sauti hupita na kupotea, ilhali jicho linaweza kuzishika sauti zote kwa wakati mmoja.

Mwishoni mwa mwaka 1928 alirudi Afrika, safari hii Misri, na mashamba ya bonde la Nile yakampa mpangilio mpya wa mistari mirefu iliyokatwa kwa vipimo. Mwaka 1931 alihamia chuo cha sanaa cha Düsseldorf, na mwaka uliofuata akakamilisha Ad Parnassum, picha ya maelfu ya alama ndogondogo za rangi zilizotandazwa juu ya rangi nyingine. Jina lake linakumbusha kitabu cha utunzi wa muziki cha Johann Joseph Fux cha mwaka 1725, ambacho vizazi vya watunzi vilijifunzia.

Mwaka 1933 Wanazi walishika madaraka. Nyumba ya Klee ilipekuliwa, magazeti yao yakamwita Myahudi, na akafukuzwa kazi. Hakuwa Myahudi, lakini aliona kulikanusha jambo hilo hadharani ni kujidhalilisha. Desemba mwaka huo yeye na Lily walirudi Bern. Mwaka 1937 utawala huo ulinyang'anya kazi zake 102 kutoka makumbusho ya umma, na 17 zikawekwa katika maonesho ya Munich yaliyoandaliwa ili wananchi waidhihaki sanaa mpya.

Tangu mwaka 1935 alikuwa akiugua maradhi ambayo baadaye yalitambuliwa kuwa ya kukakamaa kwa ngozi na viungo vya ndani. Mwaka 1936 daftari lake lilipata kazi 25 tu. Kisha, akijua hatapona, akafanya kazi 264 mwaka 1937, 489 mwaka 1938 na 1,253 mwaka 1939. Mistari ikawa minene na michache. Moja ya picha za mwisho, ya mwaka 1940, ni ya mpiga ngoma.

Wakati huo alikuwa ameomba uraia wa nchi aliyozaliwa. Kanuni zilimtaka Mjerumani akae Uswisi miaka mitano mfululizo, naye akasubiri, kisha akawasilisha maombi. Uchunguzi wa polisi haukuishia kwenye makazi na mapato yake; uligusa hata aina ya picha alizochora. Paul Klee alifariki dunia tarehe 29 Juni, 1940 huko Muralto, karibu na Locarno, siku chache kabla ya kikao kilichokuwa kiamue ombi lake. Kwa hesabu za ofisi hakuna kanuni iliyovunjwa, na mwenyeji wa Bern akafa akiwa mgeni.

Majivu yake yalizikwa mwaka 1942 katika makaburi ya Schosshalden mjini Bern. Lily, aliyezitunza kazi za mumewe, alifariki mwaka 1946. Mwaka 2005, jirani na makaburi hayo, ilifunguliwa Zentrum Paul Klee, jengo lililosanifiwa na Renzo Piano, ambalo huhifadhi takribani kazi 4,000 kati ya zaidi ya 9,000 alizoziacha. Ndani yake mna ukumbi wa muziki.