James Nasmyth na Injini Yake Ndogo

Wako wanafunzi watakao kusoma uhandisi Chuo Kikuu wadhanio kuwa alama za mtihani zatosha. James Nasmyth alizaliwa Edinburgh, Uskochi, mwaka 1808. Baba yake, mchoraji wa picha, alimfundisha kuchora. Jumamosi, shule ikifungwa, alikwenda katika kiwanda cha kusubu chuma cha baba wa rafiki yake, akajifunza kazi kwa mikono. Usiku alisubu shaba chumbani mwake mwa kulala, na baba yake amelala chini! (Wazazi wetu sijui kama wangekubali.) Akaunda mifano ya injini za mvuke, iliyo wazi ubavuni ili kazi ya ndani ionekane, akauza kila mmoja pauni 10. Fedha hizo ndizo zilizomlipia masomo ya Chuo Kikuu cha Edinburgh.

Mwaka 1829 alikwenda London kwa Henry Maudslay, fundi mkuu wa mitambo. Huyo alikwisha acha kupokea wanafunzi, hata wenye kulipa, na baba yake Nasmyth hakuwa na ada. Nasmyth hakubishana, aliomba tu aonyeshe injini yake na michoro. Maudslay akaikagua, akamwandika msaidizi wake mwenyewe, kwa shilingi 10 kwa juma. Mwaka 1839 Nasmyth alichora nyundo ya mvuke ya kufulia vyuma vikubwa. Alifariki mwaka 1890.