Svante Arrhenius na Siri ya Ukali wa Ndimu

Twawakumbusha ndugu zetu habari za Svante Arrhenius, mtaalamu wa Uswidi, aliyezaliwa mwaka 1859 na kufariki mwaka 1927. Ndimu ina haidrojeni, nayo ni asidi. Sukari inayo, na hata jiwe la Tabaka, Kisii, lichongwalo bakuli, wala si asidi. Kwa nini? Katika utafiti wake wa mwaka 1884, kisha mwaka 1887, alibainisha kwamba asidi ikiingia majini hugawanyika, haidrojeni ikatengana ikichukua umeme. Hiyo ndiyo iletayo ukali. Iliyofungwa imara haitoki. Walimu wake wa Uppsala walimpa daraja la chini. Hakuiacha hoja yake, na mwaka 1903 akatunukiwa Tuzo ya Nobel. Basi nasi tutake dalili. Kufuata kauli kwa ukubwa wa msemaji ndiyo taklidi tunayoikataa.