Maisha ya Mwalimu Nyerere na Khabari ya Bei ya Chakula

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, mwenye kukunja riziki na kuikunjua, na rehema na amani zimshukie Mtume wake, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baad: hii ni khabari ya Julius Kambarage Nyerere, aliyeitawala Tanganyika na kisha Tanzania, khasa katika jambo la bei ya chakula. Hakuwa Mwislamu, walakini amri zake ziliwapitia watu wa pwani na watu wa bara sawasawa, na uadilifu wataka kila mtu apewe haki yake, katika alilolipata na katika alilolikosa.

Alizaliwa Butiama, katika nchi ya Wazanaki, mashariki ya ziwa la Nyanza, tarehe 13 Aprili 1922. Baba yake, Burito, alikuwa mtemi. Naye utotoni alichunga mifugo. Watu wa nchi ile, tangu Musoma hata Bunda, chakula chao kilikuwa mtama, ulezi, muhogo na samaki wa ziwa, na mvua ikikosa, aliyekuwa na akiba ghalani ndiye aliyesalimika. Mwaka 1934 akatiwa skuli ya Mwisenge, mjini Musoma, kisha Tabora, kisha Makerere, hata akafika Edinburgh, akarejea mwaka 1952. Akasomesha Pugu, ndiyo maana akaitwa Mwalimu. Tarehe 7 Julai 1954 kikaundwa chama cha TANU mjini Dar es Salaam, na wazee wa Kiislamu wa mji ule walikuwa miongoni mwa nguzo zake. Tarehe 9 Desemba 1961 nchi ikapata uhuru.

Mwaka 1967 likatoka Azimio la Arusha, na viwanda vikubwa vya kusaga nafaka vikaingia mikononi mwa sirikali. Baadaye Shirika la Usagishaji la Taifa likawa ndilo mnunuzi wa nafaka kwa amri, na mwaka 1973 ikatungwa sheria ya kupanga bei za bidhaa. Kusudi lake lilikuwa jema: mnyonge asile kwa tamaa ya tajiri, na mkulima wa mbali apate thamani ile ile aipatayo wa karibu.

Hata ukaja ukame wa mwaka 1973 na 1974, na mafuta ya petroli yakapanda bei ulimwenguni kote. Katika wakati huo huo watu walikuwa wakihamishiwa vijijini. Mkoa wa Mara ulihamishwa mwaka 1974. Jamaa nyingi zikaacha miji yao ya asili na makonde yaliyo karibu nayo. Sirikali ikalazimika kununua mahindi ng'ambo, maelfu kwa maelfu ya tani, kwa fedha iliyokuwa haba. Kukatangazwa kilimo cha kufa na kupona, na hata watu wa mijini wakaamrishwa kulima.

Walakini bei iliyopangwa ilikuwa duni, na malipo ya shirika mara nyingi yalichelewa. Mkulima akilima magunia kumi, akiona jasho lake halirudi, mwaka wa pili alilima ya kula yeye na wanawe. Mwengine alimwuzia mlanguzi usiku, na nafaka ya mipakani ikavuka kwenda kwa majirani. Mwaka 1976 maduka ya watu binafsi vijijini yakafungwa ili maduka ya ushirika yashike mahali pao, na mengi ya haya yakawa na rafu tupu. Kisha vikaja vita vya Kagera, mwaka 1978 na 1979, vikala akiba iliyobaki. Sukari, sabuni, mchele na mafuta vikawa vya foleni na vibali, na watu wakala unga wa mahindi ya manjano ya ng'ambo, walioupa jina la Yanga. Kwa daftari bei ilikuwa rahisi. Kwa kweli kitu hakikuwepo, na kilichokuwepo kiliuzwa kwa siri kwa bei mara nyingi zaidi.

Mwaka 1983 Waziri Mkuu wake, Edward Sokoine, akaanza kuwasaka walanguzi. Wengi wakakamatwa, na wengine wakatupa mali usiku kwa khofu. Kuficha chakula ili kighilibu ni ihtikari, nayo ni haramu, na mtawala ana haki ya kumlazimisha mwenye kuficha auze wakati wa dharura. Bali sheria ile ya kwanza iliwanyima watuhumiwa dhamana na mawakili, na mwenye duka dogo akaogopa sawa na mhalifu mkubwa. Sokoine alifariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984. Mwaka huo huo sirikali ikaondoa ruzuku ya unga wa sembe na ikalegeza mlango wa bidhaa za ng'ambo. Vitu vikarejea madukani, kwa bei kali kwa maskini.

Tarehe 5 Novemba 1985 Mwalimu akamwachia uongozi Ali Hassan Mwinyi kwa hiari yake, wala hakutoka na utajiri. Akarejea Butiama akalima. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama.

Maimamu wa madhehebu ya Shafi wamekataza mtawala kupanga bei sokoni, hata katika ughali, kwa kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoombwa jambo hilo alikataa, akichelea kukutana na Mola wake hali amemdhulumu mtu. Khabari ya Mwalimu yaonyesha hekima yake: huruma kwa mlaji isiyomtazama mlimaji huwarudia wote wawili kwa njaa. Lililo juu ya mtawala ni kumlipa mkulima haki yake kwa wakati, kuweka akiba, kufungua njia na kumzuia mhodhi kwa hukumu ya haki. Na lililo juu ya mfanya biashara ni kukumbuka kwamba chakula alichokifungia ghalani ataulizwa juu yake.

Wallahu aalam.