Dijkstra, jamaa aliyefundisha kompyuta kungoja zamu

Uko ndani ya matatu ya 46, imetoka mjini na sasa imekwama Valley Road ikielekea Kawangware. Simu iko mkononi. Wimbo unacheza, ramani inakuonyesha msongamano ulio mbele, ujumbe wa M-Pesa unaingia, na wewe bado unachati. Unaona ni kama simu inafanya yote hayo kwa mpigo. Ukweli ni kwamba prosesa yake ina vitengo vichache tu vya kufanyia kazi, pengine vinane, na kazi zinazotaka huduma ni mamia. Ndani kabisa ya mfumo endeshi, katika sehemu inayoitwa keneli, kuna programu inayoamua nani atumie prosesa sasa, kwa muda gani, na nani alale kwanza. Tumwite mpanga zamu. Akikosea, wimbo unakatakata, ama simu inaganda mpaka uizime.

Mmoja wa watu walioonyesha jinsi ya kupanga zamu hizo bila kubahatisha ni Mholanzi Edsger Dijkstra. Tamka Daikstra. Ukisomea kompyuta, iwe Chiromo au Strathmore, lazima utakutana naye tu.

Alizaliwa Rotterdam tarehe 11 Mei 1930, baba mwanakemia, mama mwanahisabati. Alisomea fizikia Leiden, akaenda Cambridge mwaka 1951 kwa kozi fupi ya kuandika programu, na mwaka uliofuata akaajiriwa na Kituo cha Hisabati cha Amsterdam. Wakati huo kazi hiyo haikuwa na jina huko kwao. Alipofunga ndoa na Ria Debets mwaka 1957, maofisa walikataa kuandika kwenye karatasi za ndoa kwamba yeye ni mwandishi wa programu, eti hakuna kazi kama hiyo. Akaandikwa mwanafizikia. Kwa hivyo kama shosho bado haelewi unafanya nini na laptopu kutwa nzima, hujaanza wewe.

Mwaka 1956, akiwa na huyo huyo Ria kwenye mkahawa mmoja wa Amsterdam, walikuwa wamechoka kuzunguka madukani. Alikaa na kahawa yake na kwa dakika 20 hivi, bila kalamu wala karatasi, akapata njia ya kukokotoa barabara fupi zaidi kati ya miji miwili. Aliichapisha 1959. Wazo hilo liko kwenye msingi wa ramani za simu zinazokwambia upitie Lavington badala ya Waiyaki Way. Watu wengi wanamjua kwa hilo tu. Mimi naona kazi yake kubwa ilikuwa kwingine.

Wenzake Loopstra na Scholten walikuwa wanaunda kompyuta mpya, X1. Za awali zilipoteza muda mwingi zikiuliza printa kila mara kama imemaliza. Hii mpya ingekuwa na mkatizo: printa ikimaliza, inapiga kengele yenyewe, prosesa inaacha ilichokuwa ikifanya na kushughulikia hilo. Wazo tamu sana. Dijkstra aliposikia, aliingiwa na hofu. Kengele inaweza kulia sekunde yoyote, katikati ya hesabu yoyote. Kosa likitokea leo, kesho ukirudia kila kitu vile vile halitokei, kwa sababu kengele haikulia mahali pale pale. Utalisaka vipi kosa lisilokubali kurudi? Aliwachelewesha wenzake kwa muda, mwisho akakubali, na programu ya kusimamia mikatizo ya X1 akaiandika yeye. Ndiyo iliyompa shahada ya uzamifu mwaka 1959.

Ile hofu haikuisha. Mwaka 1965 aliieleza kwa mfano wa kinyozi, na mfano huu hata ungekuwa wa mtaani kwetu. Chukua kinyozi wa Kawangware. Kiti cha kunyolea kiko chumba cha ndani, benchi ya wateja iko chumba cha nje. Kusipokuwa na mteja, kinyozi anakaa kwa kiti chake na kusinzia. Mteja akimkuta amelala, anamwamsha. Akikuta kuna mtu ananyolewa, anarudi kwa benchi kungoja. Mambo safi, si ndiyo? Sasa tazama. Mteja anachungulia, anaona kinyozi yuko kazini, anageuka kwenda kwa benchi. Kabla hajafika, kinyozi anamaliza kichwa alichokuwa nacho, anatupa jicho kwenye benchi, haoni mtu, anarudi kulala. Mteja anaketi. Mmoja amelala akingoja kuamshwa, mwingine anangoja kuitwa, na hakuna aliyevunja sheria yoyote. Watakaa hivyo mpaka Krismasi. Hivyo ndivyo kompyuta inavyoganda.

Dawa yake aliiita semafo, jina la ule mkono wa ishara kando ya reli unaoruhusu treni ipite au isimame. Mkaaji wa Nairobi anapaswa kuielewa upesi, maana mji huu ulianza kama kambi ya reli mwaka 1899, na njia inayopanda kupitia Kibera na Dagoretti kwenda Kikuyu ni ya reli moja. Treni mbili haziwezi kuwa kwenye kipande kimoja kwa wakati mmoja.

Semafo ya Dijkstra ni hesabu pamoja na foleni. Tuseme hesabu ni 1, nafasi iko moja. Anayetaka kuingia anafanya kitendo alichokiita P: hesabu inashuka hadi 0, anaingia. Wa pili akija anakuta 0, analazwa kwenye foleni, na prosesa inapewa mwingine mwenye la kufanya. Wa kwanza akitoka anafanya V: kama kuna aliyelala anaamshwa mmoja, kama hakuna hesabu inapanda. Siri iko hapa: kutazama hesabu na kuibadilisha hufanyika kwa pigo moja, hakuna kinachoweza kupenya katikati. Kwa kinyozi wetu, mteja akifika anaacha alama kwenye hesabu. Kinyozi akitaka kulala lazima apitie hesabu hiyo kwanza, anaikuta alama, halali.

Mwaka 1962 alikuwa ameenda Eindhoven kuwa profesa. Huko, na timu ya watu sita, alijenga mfumo endeshi ulioitwa THE, herufi za kwanza za jina la chuo chao kwa Kiholanzi. Kompyuta yao, X8, ilikuwa na kumbukumbu ya maneno 32,000 na kitu, yaani karibu kilobaiti 110. Picha moja unayotuma WhatsApp inaweza kuzidi hapo. Mfumo ulijengwa kwa ghorofa. Ya chini kabisa ilikuwa ya mpanga zamu: inagawa prosesa, inatumia saa kuhakikisha hakuna kazi inayoing'ang'ania, na inatanguliza zinazohitaji jibu la haraka. Kazi za ghorofa za juu hazikujua hata prosesa ni ngapi. Kila moja iliishi kama yenyewe ndiyo mwenye nyumba. Walijaribu ghorofa moja hadi ikaridhisha ndipo wakapanda nyingine. Ripoti yake iliyochapishwa 1968 inasema makosa waliyokuta yalikuwa madogo, takriban moja kwa kila maagizo 500, na kila moja lilipatikana ndani ya dakika 10.

Ungetarajia apigiwe makofi chuoni. Wapi! Idara ya hisabati haikuona maana ya kazi ile, kundi lake likavunjika, naye akaanguka katika msongo mzito wa mawazo. Kuandika ndiko kulikomsaidia kusimama. Maandishi hayo, kuhusu kupanga programu kwa namna ambayo mtu anaweza kuthibitisha ni sahihi kwa kufikiri badala ya kujaribu-jaribu tu, yalikuja kusomwa dunia nzima. Mwaka 1972 akapewa Tuzo ya Turing, kubwa kuliko zote katika fani hii.

Semafo haikumaliza shida zote. Mwaka 1997 chombo cha Pathfinder kilipotua Mars, kompyuta yake ilianza kujizima na kujiwasha. Kazi ndogo ilikuwa imeshika ufunguo, kazi muhimu ikaungoja, za katikati zikapita mbele ya zote mbili. Wahandisi walituma rekebisho kutoka duniani: anayeshika ufunguo apandishwe cheo kwa muda, amalize haraka. Na keneli ya Linux, ambayo ndiyo iko ndani ya Android yako, ilibadilishiwa mpanga zamu mwaka 2007, kisha tena 2023. Bado wanabishana kuhusu nani asubiri na nani apite.

Dijkstra alihamia Chuo Kikuu cha Texas, Austin, mwaka 1984, akastaafu 1999. Alipiga piano, aliendesha gari la Volkswagen la kulala safarini, na kwa miaka mingi hakutaka kompyuta mezani pake. Aliandika kwa kalamu ya wino, akatoa nakala, akawatumia wenzake kwa posta, nao wakawatolea wengine nakala. Saratani ilimuua nyumbani kwake Nuenen tarehe 6 Agosti 2002. Aliacha maandishi zaidi ya 1,300 yenye nambari, na chuo cha Texas kimeyaweka mtandaoni bure. Mengi yana ule mwandiko wake safi. Kama una bando, anza na nambari 123. Kinyozi yumo.