Mtakatifu Yohane Bosco na Siku ya Mwanagenzi Kusimama Peke Yake

Kila tarehe 31 Januari Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Yohane Bosco, padre, aliyefariki dunia siku kama hiyo mwaka 1888 mjini Torino, Italia. Wengi wetu tunamjua kama baba na mwalimu wa vijana. Katika makala hii tunapenda kumtazama kwa upande usiotajwa sana: jinsi alivyowaandaa vijana wa ufundi kwa ajili ya siku ambayo mwalimu hayupo kando yao, na kazi ya mikono yao inapimwa na watu wasiowajua.

Yohane alizaliwa tarehe 16 Agosti 1815 katika kitongoji cha Becchi, Castelnuovo. Baba yake alifariki yeye akiwa hajatimiza miaka miwili, akalelewa na mama yake Margherita katika umaskini. Ili apate kusoma alifanya kazi nyingi: alichunga ng'ombe, alishona nguo kwa fundi cherehani, alifua chuma kwa mhunzi, alihudumu katika mkahawa mjini Chieri. Kwa hiyo alipopewa daraja ya upadre tarehe 5 Juni 1841, alikuwa anajua kwa mwili wake mwenyewe maana ya kujifunza kazi chini ya mtu mwingine.

Torino ya wakati ule ilikuwa inakua haraka. Vijana walitoka vijijini kutafuta vibarua vya ujenzi. Tarehe 8 Desemba 1841, katika sakristia ya kanisa la Mtakatifu Fransisko wa Asizi, Padre Bosco alikutana na mmoja wao, Bartolomeo Garelli, yatima, mjenzi, asiyejua kusoma wala kuandika. Walianza na ishara ya msalaba na katekisimu. Wengine wakafuata, na hiyo ndiyo asili ya Oratorio, ambayo mwaka 1846 ilipata makao ya kudumu mtaa wa Valdocco.

Tukumbuke pia jambo moja la kihistoria. Mwaka 1844 serikali ya Piemonte ilifuta vyama vya mafundi. Vyama hivyo vilikuwa na kasoro zake, lakini ndivyo vilivyosimamia uanagenzi na kuthibitisha kwamba kijana amekuwa fundi kweli. Baada ya kufutwa, mwanagenzi alibaki mikononi mwa bwana wake. Angeweza kufagia karakana na kubeba mizigo kwa miaka mitatu, kisha akaondoka bila kazi mkononi, na asiwepo mtu wa kuuliza.

Padre Bosco aliuliza. Kuanzia mwaka 1851 alikuwa mmoja wa watu wa kwanza mjini kuandikisha mikataba ya uanagenzi kwa ajili ya vijana wake. Mkataba wa Februari 1852, wa kijana aliyekwenda kujifunza useremala kwa miaka miwili, umehifadhiwa hadi leo. Ndani yake bwana anajifunga kumfundisha kijana ufundi wenyewe, kumrekebisha kwa maneno bila kumpiga, kutompa kazi zisizohusu ufundi huo, kumwacha huru siku za Bwana na sikukuu, na kumpa mapumziko ya siku 15 kila mwaka. Ujira unaanza senti 30 kwa siku na kupanda hatua kwa hatua hadi senti 60. Tena bwana anatakiwa kutoa taarifa ya kweli juu ya mwenendo wa kijana. Kwa njia hiyo kijana hakupimwa siku ya mwisho peke yake. Alipimwa njiani, na bwana wake alipimwa pamoja naye.

Hata hivyo, karakana nyingi za mjini zilikuwa na lugha chafu na mifano mibaya. Mwaka 1853 Padre Bosco akafungua karakana zake mwenyewe pale Valdocco, kwanza ya washona viatu na ya washona nguo. Mwaka 1854 ilifuata ya kujalidi vitabu, mwaka 1856 ya useremala, na baadaye uchapaji na uhunzi. Hapakuwa na fedha. Inasimuliwa kwamba kitabu cha kwanza kilijalidiwa mezani pa jikoni: kijana akikunja karatasi, Mama Margherita akizishona kwa sindano, gundi ikiwa ni uji wa unga wa ngano, na kingo zikikatwa kwa kisu cha mboga.

Basi tusogee miaka 30 mbele. Mwaka 1884 Torino iliandaa Maonyesho ya Taifa ya Italia. Padre Bosco, sasa mzee mwenye afya dhaifu, aliomba nafasi si ya kupanga vitabu mezani tu, bali ya kuonyesha kazi yenyewe. Katika banda lake watu waliona mashine ikitengeneza karatasi, herufi zikiyeyushwa na kumiminwa, kurasa zikichapwa, kitabu kikishonwa na kutiwa jalada. Waliofanya kazi hizo walikuwa vijana wake, na umati ulisimama kuwatazama. Hapo hakuna mwalimu awezaye kumsogezea mwanafunzi mkono. Herufi ikikaa vibaya, kila mtu anaiona.

Waamuzi wakatoa medali ya fedha. Padre Bosco hakuridhika. Aliiandikia kamati kwa adabu lakini bila kuficha, akiona kwamba uamuzi ule haukulingana na kazi iliyoonekana na watu wote. Aliomba ufikiriwe tena; la sivyo, alikuwa tayari kubaki bila tuzo. Wengine watashangaa: mtakatifu anadai medali? Sisi tunaona jambo jingine. Mtu aliyekubali kudharauliwa mara nyingi kwa ajili yake mwenyewe hakukubali kazi ya watoto maskini ipunguzwe thamani. Unyenyekevu wa mlezi haumpi ruhusa ya kunyamaza pale anayelelewa anapopunjwa haki yake.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1886, Mkutano Mkuu wa Wasalesiani uliweka katika utaratibu yale aliyoyaishi. Malezi ya kijana fundi yawe na pande tatu: dini na maadili, akili, na ufundi. Mafunzo yapangwe kwa ngazi, kwa kawaida miaka mitano, na kila nyumba ifanye maonyesho ya kazi za wanafunzi kila mwaka. Mbegu hiyo ilifika kwetu pia: Wasalesiani walifika Lubumbashi mwaka 1911 na Tanzania mwaka 1980, na shule za ufundi zikafuata.

Papa Pio XI alimtangaza mtakatifu tarehe 1 Aprili 1934, siku ya Pasaka. Tunajifunza nini kwake sisi tulio seminarini na ninyi wazazi na mafundi wa parokiani? Kwanza, anayemfanyia mwanafunzi kazi yake ili aonekane amefaulu, amemnyima ufundi. Pili, anayemwachia ajitafutie bila kumfundisha, kisha akamlaumu siku ya mtihani, hajamtendea haki. Tatu, siku ya kusimama peke yake itakuja kwa kila mmoja: kwa fundi mbele ya mteja wake wa kwanza, kwa padre mpya katika kiti chake cha kwanza cha kitubio. Siku hiyo yatakayoonekana ni yale yaliyofanyika pole pole wakati hakuna aliyekuwa akitazama.

Mwenye mwanagenzi nyumbani au karakanani mwake ajiulize wiki hii: nikiondoka leo, huyu ataweza?

Mtakatifu Yohane Bosco, utuombee.