Fausto Coppi, bingwa wa kinga aliyeuawa na malaria

Hapa kwetu Dilolo kinga inabeba makala, mihogo, bido za maji, na siku ingine mgonjwa. Fausto Coppi naye alianza vile vile, kwa kubeba mizigo ya watu.

Alizaliwa tarehe 15 Septemba 1919 mu kijiji kidogo cha kilimani, Castellania, kaskazini ya Italia. Wazazi walikuwa wakulima maskini. Masomo aliacha mapema, akaenda kutumika kwa muuza nyama mmoja wa Novi Ligure, na kazi yake ilikuwa kupelekea wateja nyama kwa kinga. Mule mjini kulikuwa mzee mmoja kipofu, Biagio Cavanna, fundi wa kukanda miguu ya wakimbiaji. Mzee hakuona kitu, lakini mikono yake ilijua mwili wa bingwa. Yeye njo alimfundisha kijana.

Mwaka wa 1940 Coppi aliingia Giro, mashindano ya kuzunguka Italia yote, kama msaidizi wa Gino Bartali. Msaidizi anakata upepo mbele ya mukubwa wake, anamletea maji, basi. Kumbe ni msaidizi aliyeshinda, na alikuwa na miaka 20 tu! Kesho yake Italia ikaingia mu vita. Wakamtuma askari Afrika ya Kaskazini, na mwaka wa 1943 Waingereza wakamkamata kule Tunisia. Miaka ambayo miguu yake ilikuwa na nguvu zaidi, aliipitisha mu kambi ya wafungwa.

Aliporudi, hakuna aliyemuweza. Mwaka wa 1946, kutoka Milano mpaka San Remo, alifika dakika 14 mbele ya wa pili. Muda ule mtu anakunywa chai yake polepole na kuvaa viatu. Mwaka wa 1949, mu milima ya Alpes, alikimbia peke yake kilometa 192, akamuacha Bartali karibu dakika 12. Mwaka ule ule alishinda Giro na Tour de France, kitu ambacho mtu hakuwa amekifanya bado. Kwa jumla ni Giro 5, Tour 2, na ubingwa wa dunia mwaka wa 1953.

Nyumbani hakukuwa raha. Ndugu yake mdogo Serse, mkimbiaji pia, alianguka mu mashindano mwaka wa 1951 na kufa siku ile ile. Kisha Coppi aliacha bibi yake juu ya mwanamke mwenye bwana. Sheria ya Italia ya wakati ule iliwapeleka mbele ya mahakama. Hapo sisi hatumtetei.

Mwezi wa 12 mwaka wa 1959 alialikwa Haute-Volta, njo Burkina Faso ya leo, kukimbia Ouagadougou na kuwinda nyama. Alilala chumba kimoja na rafiki yake Mfaransa, Raphaël Geminiani, na mbu wakawauma wote wawili. Kurudi Ulaya, homa ikawashika wote. Ufaransa, minganga walipima damu ya Geminiani, wakaona malaria, ile kali, wakamupa kinini. Watu wake wakapiga simu Italia kuonya. Minganga ya Coppi hawakuamini. Walimtunza kama mgonjwa wa mapafu. Alikufa mu lupitalo ya Tortona tarehe 2 Januari 1960, na miaka 40.

Hii inatuuma. Mama yeyote wa hapa, mtoto akitetemeka usiku, anafikiri malaria kwanza. Kule walikuwa na kila kitu cha kupima, waliambiwa hata kwa simu, na bado. Ndugu zetu wanaosafiri kwenda inchi za baridi, homa ikiwashika, waambie munganga wametoka wapi, na warudilie hata kama hawasikilizwi.

Miaka mingi kisha, watu wakaanza kusema ati Coppi alipewa sumu Afrika. Mahakama ya Italia ilichunguza ile maneno, ikaitupa. Geminiani, aliyepata kinini kwa wakati, alikufa mwaka wa 2024, na miaka 99.