Mwana wa Mshona Glavu na Watengeneza Filamu

Maiti hana ulimi wa kujitetea. Ndiyo maana watengeneza filamu wameona wepesi kuingia chumbani mwa William Shakespeare, aliyefariki tarehe 23 Aprili, 1616, na kututolea humo mapenzi na fitina ambazo hakuna aliyezishuhudia. Kwetu mtu huyu si mgeni: Mwalimu Nyerere alifasiri tamthilia yake juu ya Kaizari mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969.

Yajulikanayo kwa hakika ni machache. Alibatizwa Stratford-upon-Avon, Uingereza, tarehe 26 Aprili, 1564. Baba yake, John, alikuwa mshona glavu za ngozi, akapanda hata kuwa mkuu wa mji. Mwaka 1582, akiwa na umri wa miaka 18, alimwoa Anne Hathaway, aliyemzidi kwa miaka 8. Walipata binti, Susanna, kisha mapacha Hamnet na Judith. Hamnet alizikwa Agosti 1596, naye ana miaka 11 tu.

Filamu ya Shakespeare in Love ya mwaka 1998, iliyotunukiwa Oscar 7, yadai kuwa Romeo na Juliet ilichipuka kutokana na mapenzi yake na binti wa tajiri. Binti huyo hakupata kuwako duniani, na kisa chenyewe kilikwisha kuchapwa kwa Kiingereza katika utenzi wa Arthur Brooke mwaka 1562, Shakespeare hajazaliwa. Hilo twaweza kulisamehe. Mchezo ni mchezo.

Lisilosameheka ni la Anonymous ya mwaka 2011, inayomvua mtu huyu kazi zake zote na kumvika kabaila mmoja, Edward de Vere. Kabaila huyo alikufa mwaka 1604, na wataalamu wanakubaliana kuwa Macbeth na The Tempest ziliandikwa baadaye. Lakini tarehe haziwashughulishi wenye dai hili. Kinachowakera ni kwamba mtoto wa fundi, ambaye hakukanyaga Chuo Kikuu, awe na akili kuwapita mabwana. Kebehi hiyo twaijua. Tuliambiwa hayo hayo na wakoloni.

Wala hatusemi kuwa alikuwa malaika. Mwaka 1597 alinunua New Place, mojawapo ya nyumba kubwa kabisa mjini kwao. Mwaka uliofuata, nafaka ikiwa haba na watu wakilalamika, orodha ya mji ilimkuta, kama majirani zake wengi, ameweka akiba ya kimea. Kwa lugha yetu huo ni ulanguzi, au jirani yake. Jambo hilo lina ushahidi wa karatasi, nalo lingetosha filamu nzima.

Katika wasia wake alimwachia mkewe kitanda chake cha pili kwa ubora, na juu ya kitanda hicho watu wamejenga maghorofa ya dhana. Wachache husoma mstari mwingine wa wasia huo huo, unaowapa waigizaji wenzake watatu fedha za kununulia pete. Wawili kati yao, John Heminges na Henry Condell, ndio waliokusanya tamthilia zake 36 katika kitabu kimoja mwaka 1623. Nusu yake, Macbeth ikiwamo, zilikuwa hazijapata kuchapwa.